Baba alifungwa kwa kuwinda Serengeti, sasa tunataka kumpeleka akalale huko huko

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 42, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na nina watoto wawili, wa miaka 12 na 9. Naandika kwa sababu zimebaki wiki tano na ndugu zangu na mimi hatuelewani.

Mwaka jana tulikubaliana, sisi watoto wanne wa mzee, tuchange elfu hamsini kila mmoja kwa mwezi ili Juni shule zikifungwa tuwapeleke wazazi Serengeti. Mmoja wetu yuko Dar, anachanga tu, hataweza kuja. Kwa hiyo tuko saba: baba, mama, kaka zangu wawili, mimi na wanangu. Gari moja, siku tatu, tunalala mara mbili kwenye mahema Seronera, katikati ya hifadhi. Wakala tumeshampa laki nane za kuanzia. Wazazi wanaishi kijijini Busega, ukitoka Lamadi unaingia ndani kidogo. Mama ana miaka 66, tembo wamemla mahindi zaidi ya mara moja, fisi anawasikia kila usiku, lakini simba hajawahi kumwona kwa macho yake. Watu wanavuka bahari kuja kuona kitu kilicho nyuma ya nyumba yake.

Shida ni baba. Nilipoanza darasa la kwanza aliondoka nyumbani. Tuliambiwa yuko Musoma, kazini. Akarudi nikiwa darasa la tatu, amekonda, na mkono wa kushoto haukunjuki vizuri. Ukweli niliujua nikiwa mtu mzima, kwenye msiba wa bibi, dada yake baba aliponieleza kwamba alikamatwa ndani ya hifadhi akiwa na nyama ya nyumbu na matanzi ya waya, akafungwa. Yeye mwenyewe hajatamka neno mpaka leo. Alirudi akalima pamba, akafuga ng'ombe, basi. Televisheni ikionyesha wanyama anatoka nje.

Ila Desemba iliyopita kuna kitu nilikiona. Mwanangu mdogo alikuwa na kitabu chenye picha za nyayo za wanyama. Baba alikitazama kwa muda, akachuchumaa, akalainisha vumbi kwa kiganja na kuchora kwa kidole. "Hii imepasuka katikati, nyumbu. Hii ni nzima kama ya punda, pundamilia." Halafu akamwonyesha ukingo: "Ukiwa mkali, kapita leo. Ukianza kumomonyoka, kapita jana." Mtoto akauliza, "Babu, umejulia wapi?" Baba akafuta yote kwa mguu, akaenda zizini.

Kaka yangu mkubwa anasema tumwambie tunakwenda harusini Bunda. Atavaa, atapanda gari, tukifika geti la hifadhi la Ndabaka tunakata kulia, tayari tumeingia. Anasema akishawaona wanyama atafurahi, mambo yataisha. Mama naye anasema tusimwambie kwa sababu atakataa. Mimi moyo unasita lakini sina hoja. Pia naogopa: je, askari getini hawatakuwa na jina lake? Na huyu mzee wa miaka 71 ana presha na usiku anaamka mara tatu kwenda chooni. Tutamlazaje kwenye hema katikati ya simba?

Nisaidie, Shangazi.

Binti wa Busega, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Hoja unayo, tena umeiandika wewe mwenyewe bila kujua. Baba yako mara ya mwisho kutolewa katika hifadhi ile alitolewa na watu waliomshika, hakuulizwa anataka kwenda wapi. Sasa watoto wake mwenyewe wanataka wamtie kwenye gari kwa uongo na kumwingiza mahali pale pale, bila kuulizwa. Kaka yako ana nia njema, naamini hivyo. Lakini fikiria dakika ile gari linapokata kulia. Mzee amevaa shati la harusi, wajukuu wanashangilia nyuma, mbele anaona geti na askari wa kijani. Atafanya nini? Hawezi kushuka, atawaharibia watoto. Hawezi kusema anachoogopa, kwa sababu anadhani hamjui. Atanyamaza. Na mtasema, "Mnaona, amekubali." Siku tatu za kunyamaza hivyo ni nyingi kwa mtu wa miaka 71.

Kwa hiyo harusi ya Bunda ife leo. Mweleze kaka yako kwamba nimesema mimi, anilaumu mimi.

Baba yako aambiwe, na umwambie wewe, peke yako. Kaka zako wasiwepo. Wanaume wawili wakikaa na baba yao kuzungumzia kifungo chake, hicho kinageuka kikao. Nenda kijijini, usipige simu. Msubiri ng'ombe warudi, akae pale anapokaa jioni, umpelekee maji ya kunawa, ukae chini kidogo yake kama ulivyozoea. Halafu uanze na zile nyayo. Mwambie, "Baba, mjukuu wako tangu Desemba anachora nyayo kwenye kila daftari, na mwalimu wake anashangaa." Kama si kweli, usiseme, tafuta lililo kweli, maana lipo. Kisha mwambie mmechanga pesa, mnataka kwenda Serengeti, na mnataka aende kama ataridhia. Na hapo ndipo useme kile kigumu: "Baba, najua ulikokuwa nilipoanza shule. Nimejua miaka mingi. Sijapungukiwa heshima hata kidogo." Ukishasema, nyamaza. Usijaze ukimya kwa maneno. Huenda akanyanyuka aende zizini tena. Mwache aende. Usimfuate na usimwulize kesho yake. Mpe wiki nzima.

Nakuambia haya kwa sababu nimekulia Nassa, huko huko Busega, na nyama hiyo ya porini nimeila. Ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa, ikapikwa usiku mlango umefungwa, na alfajiri tulitumwa kufukia mifupa kabla ya kwenda shule. Karo, madaftari na sabuni ya nyumba nyingi za upande ule vilitokana na nyama hiyo, na watoto tulioilaga ndio tulikua tukaona aibu kwa baba zetu. Sisemi kuwinda kulikuwa sawa. Tanzi la waya halichagui: limetegwa kwa ajili ya nyumbu, linamkata twiga mguu, linamkaba simba shingoni, na mnyama anakufa pole pole kwa siku kadhaa. Baba yako analijua hilo kuliko mimi, kwa kuwa ameyaona macho yao. Alivunja sheria, akafungwa, akamaliza. Deni hilo limelipwa, na hakuna mtu ndani ya nyumba yenu mwenye haki ya kulidai upya, hata kwa kulificha.

Lipo jambo moja ningependa alisikie, hasa kutoka kwa mjukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Kilichowaachia nafasi ya kuongezeka hivyo ni kuondoka kwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua na nyumbu pia, na sotoka iliondoka kwa sababu ng'ombe wa vijiji vilivyozunguka mbuga walichanjwa. Ng'ombe, mwanangu! Ng'ombe wa watu kama babu yako, waliopangwa foleni kwenye vumbi wakidungwa sindano. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, baba yako akazaliwa miaka mitatu hivi baadaye, na tangu hapo watu wa Busega wamezoea kusikia kwamba wao ni tishio tu kwa wanyama wale. Mfugaji kama yeye anastahili kujua kwamba mazizi ya kwao yana sehemu katika wingi ule.

Kuhusu geti, ondoa hofu. Pale Ndabaka wanataka kitambulisho cha taifa kwa sababu raia hulipa bei yake na mgeni hulipa bei kubwa zaidi. Historia ya mtu hawaiulizi, na aliyemaliza kifungo chake anaingia kama mwananchi mwingine. Kiingilio cha mtu mzima raia kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 10,000 na cha mtoto wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,000, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na huhesabiwa kwa saa 24. Gari lina malipo yake, kulala kuna malipo yake. Pesa taslimu getini hazipokelewi, mtalipa kwa namba ya malipo, kwa simu au benki. Mwulize wakala aandike kila kipengele peke yake. Laki nane si ndogo, na wako wanaowatoza wenyeji bei za kukisia kwa kuwa wenyeji hawaulizi.

Lakini askari wa getini si ninayemhofia. Ninamhofia dereva. Madereva wanaoongoza watalii ni watu wa hadithi, na hadithi yao kubwa upande ule wa magharibi ni majangili: jinsi wanavyotega, jinsi wanavyokamatwa, jinsi mmoja alivyojificha mtoni. Wageni hupenda kusikia. Sasa baba yako amekaa kiti cha mbele na mtu anacheka akisema "majangili hawa". Neno hilo likianguka mbele ya wajukuu, safari imekwisha. Kwa hiyo siku moja kabla, mpigie dereva. Huna haja ya kumweleza maisha ya mzee. Mwambie tu, "Baba yangu anaijua nchi hii, yeye ndiye atakayetusimulia, na habari za ujangili tusizizungumze garini." Dereva mzuri ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Na kiti cha mbele ni chake kweli. Asiwekwe nyuma na mikoba kama mzee anayesindikizwa. Mkiondoka Mwanza saa kumi usiku, mnampitia yeye na mama Lamadi, na geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mnakuwa karibu. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni kilometa 140 hivi na mwendo ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuzidi kilometa 50 kwa saa, hivyo hata bila kusimama ni saa tatu, na mtasimama sana. Juni nyumbu wengi huwa wanapita upande huo wa magharibi kuelekea mto Grumeti, kwa hiyo mnaweza kuwakuta kabla hata jua halijawa kali. Njia nzima vumbi huwa limeandikwa nyayo za usiku. Wewe usimwombe azisome. Mwache mtoto akae nyuma yake, atauliza mwenyewe. Akitaja mahali, mto Mbalageti labda, au kilima fulani, mwombeni dereva apunguze mwendo. Gari haliruhusiwi kutoka barabarani, na kushuka ni pale tu palipoidhinishwa, lakini kupunguza mwendo na kuzima injini dakika tano inatosha.

Akiamua kuwaambia watoto, ni hadithi yake. Asipoamua, wewe usiitoe kwa niaba yake, hata kwa sifa. Hata kwa nia ya kuwafundisha uhifadhi. Nimeona watu wakimsimamisha mzee mbele ya vijana aseme "nilikuwa mwindaji, sasa nimetubu," na nikatazama mikono ya yule mzee. Usimfanyie hivyo baba yako.

Sasa usiku. Hapa sikubaliani na mpango wenu, ingawa nauelewa uzuri wake. Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Pana jiko na mahali pa kulia penye nondo na wavu, pana vyoo, na mahema yanasimama kwenye nyasi wazi. Fisi hupita kila usiku na huokota chochote kilichoachwa nje, hata viatu. Simba hupita pia. Hema halina ajabu kwao, mtu akiwa ndani na zipu imefungwa humzunguka wakaenda zao. Hatari inaanza mtu anapofungua zipu saa nane usiku, ana usingizi, anatafuta choo gizani. Na baba yako anaamka mara tatu.

Yako mambo mawili ya kuchagua. Seronera zipo nyumba za kulala za hifadhi, za kuta na mlango, na wakala anaweza kuwaulizia nafasi mapema. Wazazi walale humo, nyinyi na watoto mlale kambini na kaka zako. Au, kama baba anataka hema (na mzee aliyewahi kulala porini bila hema anaweza kulitaka), basi awe na hema lake na mama, kubwa kiasi cha mtu kusimama, na ndani iwekwe ndoo yenye mfuniko na maji ya kunawa. Aibu hapo haipo. Mama yako alimuuguza mama mkwe wake, ndoo haimshangazi. Tochi ya kichwani kila mtu, chakula chochote kisiingie hemani, hata karanga za watoto, na viatu vilale ndani.

Dawa za presha zibebwe za siku sita ingawa mnakwenda siku tatu, na nusu yake ikae kwenye mkoba wako. Kabla ya kulipa salio ampitie daktari wake, amwambie anakwenda saa nyingi kwenye barabara mbovu inayotikisa. Jioni asinywe chai nyingi. Na mablanketi! Watu wa Mwanza hudharau baridi ya Seronera. Pale ni juu kuliko ziwani kwa mamia ya mita, na Juni alfajiri mzee anaweza kutetemeka mpaka meno yagongane.

Nguo: msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wa ukanda ule wa magharibi wanazipenda rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Wanauma kupitia suruali. Sare ya kitenge ya familia ambayo najua mmeshaifikiria, iwe ya udongo au ya majani makavu.

Watoto wako walale kwenye hema usiku mmoja kabla, uani kwenu, ili wajue sauti ya turubai likipigwa na upepo. Waambie pia kwamba simba akinguruma sauti inaweza kufika hata kilometa nane, kwa hiyo wakisikia wasidhani yuko mlangoni. Yule wa miaka tisa atamwuliza babu yuko umbali gani, na nadhani babu atajibu.

Akikataa je? Inawezekana sana. Akisema hapana, msimbembeleze na mama yako asilie mbele yake. Nendeni na mama, nyinyi na watoto, kwa moyo mweupe, na kabla hamjaondoka mwombe jambo moja: amfundishe mjukuu nyayo tano za kutafuta, azichore vumbini, mtoto azinakili. Mkirudi, mtoto aende moja kwa moja kwa babu na daftari lake kueleza alizoziona na zilikuwa na ukingo wa namna gani. Pengo la baba garini msilijaze na mtu mwingine. Anaweza kubadili mawazo saa kumi na moja alfajiri, akawa amesimama barabarani Lamadi na koti lake.

Mpigie wakala kesho, uulize kama nafasi moja inaweza kubaki wazi hadi wiki ya mwisho na kama zile nyumba za Seronera zina nafasi. Halafu Jumamosi panda gari la Lamadi, peke yako, uchukue kilo mbili za sukari na lile daftari la mtoto.